Plastiki ya Kutumia Mara Moja: Ipi Uanze Kuiacha, na Kwa Nini

Mfuko mwembamba wa kubebea vitu na ndoo ya kuchotea maji mara nyingi vimetoka kwenye malighafi moja, polietilini. Ndoo itakaa nyumbani miaka. Ikipasuka itazibwa, isipozibika itapandiwa maua. Kazi ya mfuko inaisha pale mzigo unapotuliwa. Malighafi yenyewe haijui kwamba imetumwa kazi ya dakika kumi. Inabaki vilevile: haiozi, haichoki upesi, na ni nyepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo. Ndiyo maana mjadala ukianza na swali la plastiki ni nzuri au mbaya, hukwama mapema. Swali lenye faida ni hili: kitu hiki kitatumika mara ngapi, na kikishatumika kitaishia wapi?

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 na mtafiti Roland Geyer na wenzake ilionyesha kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza takribani tani bilioni 8.3 za plastiki. Taka zilizotokana nayo zilikuwa kama tani bilioni 6.3. Kati ya hizo, asilimia 9 zilirejelezwa, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zilibaki madampo au zikazagaa katika mazingira. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilipopiga hesabu zake za mwaka 2019 lilipata sehemu ileile ya urejelezaji, asilimia 9, na likakuta kwamba asilimia 40 ya taka za plastiki ni vifungashio. Yaani sehemu kubwa ya tatizo ni vitu vilivyotengenezwa vikiwa tayari njiani kwenda jalalani.

Kwa nini urejelezaji haufui dafu

Wengi huamini kwamba pembetatu ya mishale yenye namba chini ya chombo ni ahadi kwamba kitarejelezwa. Namba ile inataja aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na soda. 2 ni polietilini ngumu, ya madumu na chupa za sabuni. 3 ni PVC, ya mabomba ya maji. 4 ni polietilini laini, ya mifuko na karatasi za nailoni. 5 ni polipropilini, ya vifuniko na vyombo vingi vya chakula. 6 ni polistairini, ambayo ikijazwa hewa huwa lile povu jeupe la vikombe na sahani. 7 ni kapu la mengineyo yote. Zenye wanunuzi wa uhakika sehemu nyingi ni 1 na 2, tena zikiwa chupa. 5 hununuliwa baadhi ya mahali. Zilizobaki hukusanywa kwa nadra.

Chanzo chake ni ufundi zaidi ya uvivu wa watu. Chupa zikishasagwa, vipande humwagwa ndani ya maji: PET huzama kwa sababu sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.38 hivi, na vifuniko vya polipropilini au polietilini huelea kwa kuwa viko chini ya gramu 1. Ni njia nyepesi na inafanya kazi. Sasa mtu akichanganya PVC humo, nayo inazama pamoja na PET. Mchanganyiko ukifikishwa kwenye joto la kuyeyusha PET, zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi, PVC huharibika kwanza na kutoa asidi ya hidrokloriki inayogeuza rangi na kudhoofisha mzigo mzima. Kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu.

Mifuko laini ina vurugu nyingine. Hujisokota kwenye mihimili ya mashine za kuchambulia hadi mtambo usimamishwe na fundi aingie na kisu. Vipakiti vya sabuni na vikolezo vina tabaka za plastiki tofauti, pengine na alumini katikati, zilizogandana kiasi kwamba gharama ya kuzitenganisha inazidi thamani ya kinachopatikana. Vyombo vyeusi vilivyotiwa rangi ya masizi ya kaboni havionekani na vitambuzi vya miali ya infraredi, hivyo hupita moja kwa moja hadi kwenye takataka. Hata plastiki iliyofaulu majaribio yote haya hudhoofika kila inapoyeyushwa, kwa sababu minyororo ya molekuli zake hukatikakatika. Mara nyingi chupa hairudi kuwa chupa. Inakuwa uzi wa zulia, na zulia halina pa kwenda baada ya hapo.

Kutoka mkononi hadi kwenye vina vya bahari

Taka nyingi zinazofika baharini zilianzia nchi kavu. Upepo huziinua kutoka kwenye jaa lililo wazi, mvua huzisukuma mfereji, mfereji huzipeleka mtoni. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba asilimia 80 ya plastiki inayoletwa na mito duniani inatoka kwenye mito zaidi ya 1,000, na mingi ya hiyo ni mito midogo inayokatiza mijini, siyo ile mikubwa inayojulikana na kila mtu. Kabla hata ya kufika baharini plastiki hiyo huziba mitaro. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002 baada ya mifuko kulaumiwa kwa kuziba mifereji wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998. Na maji yaliyotuama kwenye kikombe kilichotupwa yanatosha mbu anayeeneza dengi kutaga mayai.

Ikishaingia baharini, hatima yake inategemea uzito na umbo. Maji ya bahari yana uzito wa takribani gramu 1.025 kwa sentimita moja ya ujazo. PET na PVC huzama. Polietilini na polipropilini huelea mwanzoni, kisha bakteria, mwani na viumbe vidogo vyenye magamba huota juu yake hadi nayo izidiwe uzito na kushuka. Ndiyo maana kinachoonekana juu ya maji ni sehemu ndogo tu ya kilichoingia. Kipande cha mfuko kilipigwa picha kwenye Mfereji wa Mariana, bonde la bahari lenye kina kikubwa kuliko yote, katika kina cha mita 10,898.

Inayobaki juu hupigwa na jua. Miali ya urujuanimno huifanya iwe kavu na ya kuvunjikavunjika, mawimbi yanamalizia kazi, na kipande kimoja kinakuwa maelfu. Vikifika chini ya milimita 5 huitwa maikroplastiki. Hapo plastiki haijaoza, imegawanyika tu, na sasa inaweza kuingia kwenye kinywa cha chaza au samaki mdogo. Kwenye maji baridi yasiyo na mwanga mvunjiko huo hupungua sana, kwa hiyo mfuko uliozama unaweza kudumu kuliko ulioachwa ufukweni.

Wanyama hawali plastiki kwa ujinga. Mfuko unaoyumba majini unafanana na yavuyavu, chakula cha kasa, na plastiki iliyoota mwani hutoa harufu inayofanana na ya mahali penye chakula. Watafiti wa Australia walipochunguza kasa waliokufa, walikadiria mwaka 2018 kwamba kasa aliyemeza vipande 14 vya plastiki ana uwezekano wa asilimia 50 kufa kwa sababu hiyo. Plastiki laini hukunjamana na kuziba utumbo, ngumu hutoboa.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo kampeni nyingi huliruka. Katika lile eneo la takataka la kaskazini mwa Pasifiki, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kwa uzito, asilimia 46 ya plastiki iliyokuwa ikielea ilikuwa nyavu za uvuvi. Kuacha mrija hakutaondoa nyavu hizo. Vitu vya kutumia mara moja huonekana zaidi ufukweni, mitoni na kwenye mitaro, na huko ndiko kupunguza kwake kunakoonekana upesi.

Mwilini: joto, mafuta na muda

Kwenye afya kuna mambo mawili yanayochanganywa, nayo ni kemikali zinazochuja kutoka kwenye plastiki, na vipande vya plastiki yenyewe.

Kemikali tunazijua vizuri zaidi. Plastiki haijafungwa kabisa. Ina viungio vya kuilainisha, kuitia rangi na kuikinga na jua, na vingi havijashikamana na minyororo yake. Hutoka haraka zaidi chakula kikiwa cha moto, chenye mafuta, chenye uchachu, kikikaa muda mrefu, au chombo kikiwa kimekwaruzika. Thalati zinazolainisha PVC na bisfenoli A, maarufu kama BPA, huvuruga kazi ya homoni. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA inachoona salama kwa siku hadi mara 20,000 chini ya kile cha awali. Maandishi "haina BPA" yasikulaze usingizi: mara nyingi imewekwa bisfenoli S badala yake, ndugu yake wa karibu, yenye tabia za kufanana. Polistairini nayo huachia staireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Chakula cha moto chenye mafuta ndani ya sahani ya povu ni mchanganyiko mbaya kuliko yote.

Kuhusu vipande vyenyewe, ushahidi bado unajengeka. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walivikuta kwenye damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichunguza utando wa mafuta uliotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 257. Asilimia 58 walikuwa na polietilini humo, na katika miezi 34 hivi ya ufuatiliaji hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ilikuwa zaidi ya mara 4 ya wenzao. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana. Hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Mwaka huohuo maji ya chupa yaliyopimwa Marekani yalikutwa na wastani wa vipande 240,000 kwa lita, karibu vyote vidogo kiasi cha kutoonekana kwa hadubini ya kawaida. Sehemu yake hutoka kwenye chupa na kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa tena na tena.

Kisha moshi. Kuwashia jiko kwa mfuko au kuchoma takataka uani hutoa masizi na benzini, na palipo na PVC ndani ya lundo hutoka sumu ya dioksini. Kinachovutwa kwa dakika chache za moshi huo hakilinganishwi na kunywa kwenye kikombe cha plastiki, na mara nyingi anayesimama karibu zaidi ni mtoto.

Mtego wa vitu mbadala

Kosa la kawaida ni kubadilisha kitu cha kutupa kwa kingine cha kutupa. Mfuko wa karatasi hauwezi kumnyonga kasa, ni kweli, ila kuutengeneza hula maji na nishati nyingi. Shirika la mazingira la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2011: kwa upande wa hewa ya ukaa peke yake, mfuko wa karatasi inabidi utumike mara 3, na wa pamba mara 131, ili usizidi madhara ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu hiyo haikugusa takataka za baharini, kwa hiyo isitumike kuutetea mfuko mwembamba. Inachosema ni kwamba mfuko wa pamba una maana ukiwa mmoja au miwili, ukachakaa mikononi mwako. Ukiwa na kumi ndani ya kabati, umeongeza taka ya aina nyingine.

Kikombe cha karatasi cha kahawa kina utando wa polietilini ndani. Bila huo kingelowa. Kwa hiyo kinywaji cha moto bado kinagusa plastiki, na kikombe hakirejelezeki kirahisi kwa sababu karatasi na utando vimegandana. Baadhi ya sahani na vyombo vya karatasi visivyopitisha mafuta hupakwa kemikali za PFAS, zinazodumu mno katika mazingira.

Maneno "inaoza" yana hila zaidi. Plastiki ya PLA, itokanayo na wanga wa mimea, huoza kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 lililodhibitiwa. Ikitupwa kwenye maji ya bahari yenye nyuzi 20 hukaa kama plastiki nyingine. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliacha mifuko udongoni na baharini miaka mitatu. Ile iliyouzwa kwa jina la kuoza yenyewe bado iliweza kubeba manunuzi. Iliyotengenezwa kwa ajili ya mboji ilitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ilikuwepo baada ya miezi 27, ingawa haikuweza tena kubeba mzigo. Zile zenye kiungio cha kuharakisha kuvunjika huwa maikroplastiki mapema zaidi tu, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku tangu Julai 2021.

Sheria nazo hunasa kwenye mtego huohuo. Jimbo la California lilizuia mifuko myembamba lakini likaruhusu minene kwa madai kwamba itatumika tena. Watu wakaitupa minene kama walivyotupa myembamba, na uzito wa taka ukapanda, hadi mwaka 2024 jimbo likapitisha sheria ya kuuziba mwanya huo. Ireland ilikwenda njia nyingine mwaka 2002: ilitoza kila mfuko pale mlipaji anapolipia bidhaa, na matumizi yakashuka kwa takribani asilimia 90. Ujerumani humrudishia mteja amana anaporudisha chupa, na karibu chupa zote hurudi. Kwa kiwango cha dunia, nchi zilikubaliana mjini Nairobi Machi 2022 kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, ila mazungumzo ya Busan mwaka 2024 na Geneva Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano. Ubishi ni kama mkataba uguse kiasi kinachozalishwa, au uishie kwenye kusimamia taka.

Nyumbani: hesabu kwanza

Kabla ya kununua chochote kipya, tunza takataka zako za plastiki wiki moja. Suuza zenye chakula zisinuke, weka gunia moja. Siku ya saba mwaga chini, panga kwa aina, hesabu kwa idadi wala usipime uzito, kwa sababu mfuko wa gramu 5 hudanganya mizani ila haudanganyi mtaro. Vitu vya juu vitatu au vinne kwa kawaida hubeba zaidi ya nusu ya lundo. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Vikilingana, tanguliza kinachogusana na chakula cha moto, kisha kinachopeperuka kwa urahisi.

Chakula cha moto ni hatua ya haraka kuliko zote, maana haihitaji kusubiri sheria ya mtu. Kiweke kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu, kioo au udongo uliochomwa. Huna? Acha chakula kipoe hadi uvuguvugu ndipo ukihamishie kwenye plastiki. Usipashe moto plastiki kwenye maikrowevu, hata yenye alama ya kuruhusu. Alama ile inahusu kutoyeyuka, haisemi kwamba hakuna kinachotoka. Kioo kilichotoka kwenye jokofu kisimwagiwe maji yanayochemka, kitapasuka.

Maji ya kunywa yanataka uangalifu. Usiache maji ya chupa kabla ya kuwa na njia ya uhakika ya kusafisha ya bomba au kisima, kwani kipindupindu kinaua kwa saa chache. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama ni maji magumu, yanayoacha ukoko sufuriani, kuna faida ya ziada: watafiti wa China walionyesha mwaka 2024 kwamba ukoko ule hunasa hadi asilimia 90 ya vipande vya plastiki, mradi uyachuje yakishapoa. Hifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki, ili mkono na kikombe visichovye.

Chupa ya kujaza upya ioshwe kila siku kwa sabuni na brashi ndefu. Panaposahauliwa ni kwenye mpira wa kifuniko: uvue, osha upande wa chini, kausha vyote vikiwa vimetengana. Chupa ya PET iliyotengenezwa kwa matumizi ya mara moja isijazwe maji ya moto wala kuachwa juani. Inajikunja, inakwaruzika, na joto huongeza madini ya antimoni yanayochujia majini.

Mifuko ya nguo hushindwa kwa kusahauliwa. Ikae palipo na ufunguo, na mmoja ukunjwe ndani ya mkoba wa kila siku. Tenga mmoja wa nyama mbichi na samaki, uoshwe kwa maji ya moto kila baada ya kazi.

Vipakiti ni vigumu zaidi, kwa kuwa vinampa mwenye pesa ya siku nafasi ya kununua kidogo. Kumwambia anunue kopo kubwa ni kumwambia awe tajiri kwanza. Panapouzwa kwa kupima, peleka chombo chako. Majirani wanaweza pia kuchanga, wakanunua dumu moja na kugawana. Mirija iacheni wenye uwezo, ila msiwanyang'anye wenye ulemavu wanaoihitaji ili wanywe bila kupaliwa. Na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia mikono, ambavyo vingi vina nyuzi za poliesta, visitupwe chooni hata kama pakiti inaruhusu. Vishungi vya sigara navyo ni plastiki, selulosi asetati, jambo ambalo wengi wanaovitupa hawajawahi kulisikia.

Vyombo vya plastiki ulivyo navyo usivitupe kwa hamaki ya kuanza upya. Vilivyopauka, kukwaruzika au kushika harufu vitoe jikoni, uviwekee misumari, vifungo au mbegu za kupanda. Vizima viendelee kuhifadhi vitu vikavu na baridi hadi vichakae vyenyewe.